Mwanajuma, Aliyebeba Salamu za Kusini

Akili yangu bado inakataa. Mwanajuma, mwenye ukurasa huu, alifariki Jumanne hospitalini Msambweni. Jumatano tukamzika.

Ninyi mlio Muscat, Toronto na Rotterdam mlimjua kwa maandishi yake. Mimi nilimfundisha darasa la nne, na baadaye akawa rafiki yangu. Ninaandika kutoka duka la kompyuta hapa Ukunda, alipokuwa akikaa yeye kila Jumamosi. Mwenye duka ndiye anayenipigia chapa, maana mimi sijui.

Alifariki akisubiri jawabu langu. Hilo nitalieleza, ingawa ninaona haya.

Alikuwa opareta wa simu katika hoteli moja ya Diani. Watalii walipotoweka na hoteli ikafungwa, alirudi nyumbani na ujuzi wa kompyuta alioupata front office, pale mapokezi, kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake.

"Mwalimu, nimefungua website!"

Nikamwuliza inauza nini. Alicheka hata akakaa chini.

Mwanzoni aliandika habari za hapa tu: mvua, harusi, nani amejifungua. Kisha msomaji mmoja wa Muscat akamwomba amfikishie bibi yake salamu, kijijini Gazi. Mwanajuma alikwenda. Bibi aliuweka upawa chini, akauliza neno moja tu: "Anakula?"

Aliliandika hilo, na barua zikaanza kumiminika kutoka kila pembe ya dunia.

Kwetu salamu uliyopewa ni amana. Usipoifikisha, imekukaa shingoni. Mwanajuma alizifikisha kwa baiskeli na kwa miguu, kuanzia Tiwi hadi Vanga. Siku moja alipanda lori hadi Mackinnon Road kupeleka maneno mawili: "Nipo hai."

Mwenye hoteli mmoja alitaka jina la hoteli yake likae juu ya ukurasa huu. "Kwanza naye akabebe salamu," alisema Mwanajuma, akaendelea kufunga viatu.

Kila wiki aliniletea kurasa zake, nami nikazisahihisha kwa wino mwekundu. Aliniita "Customs", kama watu wa forodha. "Hapa hakipiti kitu, jamani!"

Mwaka jana alibisha hodi bila karatasi yoyote mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja na shikamoo nyingine."

"Ya nani?"

"Ya Hamisi. Yuko Rotterdam. Anausoma ukurasa wetu."

Hamisi ni mwanangu. Hakuja kumzika mama yake, wala hakuandika hata mstari mmoja. Nilikuwa nimeapa kwamba jina lake halitatamkwa nyumbani mwangu.

"Irudishe," nikamwambia.

"Baba, hii si chupa ya soda. Hairudishwi."

"Basi kaa nayo."

Alikaa nayo. Kila alipokuja, baada ya kunijulia hali na kabla ya kutoa kurasa zake, alisema kwa upole, "Ile bado ninayo." Nami nilijifanya ninatafuta miwani.

Kisha akaugua. Jumatatu nilikwenda kumtazama hospitalini. Mama yake alinipisha kiti. Mwanajuma alikuwa amekonda, sauti imebaki nusu.

"Mwalimu, nilizopewa zote nimezifikisha. Imebaki moja. Usiniache niondoke nayo."

Ningesema neno moja tu. Nimefundisha watoto kuitikia shikamoo maisha yangu yote, na neno hilo likanishinda. Nilimwambia, "Pona kwanza, mwanangu, tutazungumza."

Akafumba macho. Siku ya pili, adhuhuri, nikaletewa habari.

Mazikoni niliinama kaburini na kuitikia. Lakini yeye hakuwahi kusema kwamba amefikisha jambo mpaka aliyelituma apate jibu. Ndiyo sababu leo nimepanda gari kutoka Msambweni, na nimemwomba mwenye duka aandike kama nitamkavyo, bila kupunguza.

Hamisi, mwanangu, ikiwa bado unausoma ukurasa huu: marahaba. Marahaba, baba. Shikamoo yako ilifika tangu mwaka jana. Ni mimi niliyeizuia mlangoni.

Nanyi mliompa salamu zenu, mwombeeni dua, kila mmoja kwa lugha yake.

Mwanajuma, nimechelewa, nisamehe. Hakuna tena cha mtu mikononi mwako. Lala, mwanangu, upumzishe na hiyo miguu.