Mashua Yetu ya Kiplombe

Mpaka leo sijamzoea. Nimemwona samaki aitwaye bass akiruka miaka mingi, na bado kila anapotoka majini mdomo wazi, akitikisa kichwa kukataa ndoano, mimi hushtuka kama mara ya kwanza. Mdomo wake unaingia ngumi yangu. Mgongo wake una kijani cha shamba la mahindi lililonyeshewa, na ubavuni ana mstari mweusi kama mshono wa uzi mnene. Nimekuwa fundi wa cherehani maisha yangu yote, na mshono mzuri naujua nikiuona. Aliyemshona bass hakuwa na haraka.

Watu huniuliza samaki huyo anatoka wapi huku kwetu, maana Eldoret tunajulikana kwa wakimbiaji na mahindi. Wazungu wa mashamba makubwa ndio waliomtia kwenye mabwawa yao zamani, kwa starehe zao. Wazungu wakaondoka, samaki akabaki. Majirani zetu wengi hawakumgusa. Wazee wao walihesabu samaki kuwa ndugu ya nyoka. Sisi tuliotoka Magharibi hatukuwa na shida hiyo. Mume wangu alikuwa fundi wa matrekta. Siku moja alikwenda kutengeneza trekta kwenye shamba moja upande wa Moi's Bridge, akarudi kwetu Kiplombe na samaki amefungwa ndani ya gunia bichi, na macho ya mtu aliyeokoka jana. Tukamla yule samaki na ugali, tukalamba vidole. Wiki iliyofuata mume wangu akaanza kuzungumza habari za mashua.

Hapo ndipo vichekesho vilipoanza. Mafundi wa kuchomelea aliowaendea walikuwa hodari wa kutengeneza trela za kubebea mahindi, na mashua hawakuwahi kuiona ila kwenye kalenda. Waliunda chombo kizuri ajabu cha chuma, kimenyooka kila upande. Siku ya kutukabidhi wakatuonyesha kwa fahari matundu manne waliyotoboa chini.

"Hapa ndio maji ya mvua itatokea, Mzee," mmoja akaeleza. "Hii kitu haitashika kutu hata siku moja."

Ndivyo trela zinavyofanywa, na wao walitutakia mema. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la chuma. Matundu matatu yakazibwa kwa moto. La nne akasema libaki, litiwe kizibo cha mpira, kwa sababu hata mashua za wenye maji yao huwa na tundu la kukaushia. Majirani nao wakatuuliza kama tunangojea gharika ya pili. Niliwaambia ndiyo, na kwamba orodha ya wanyama imeshajaa.

Basi wewe unayetaka mashua na unakaa mlimani, nisikilize mimi niliyechekwa kabla yako. Ikiwa nyumbani ilaze kifudifudi, la sivyo kuku watataga ndani na mvua itakuchimbia bwawa lako binafsi. Ukiingia ndani yake vua gambuti, hata tope liwe la magoti, kwa sababu gambuti iliyojaa maji hukushika mguu isikuachilie. Mtu mnene akae katikati, na aambiwe kabla hajapanda. Nanga si lazima uinunue. Yetu ni sahani ya plau kuukuu, na haijawahi kutuangusha. Halafu usiondoke bila gunzi la mahindi, kavu na gumu. Mama yangu alizibia mitungi kwa gunzi, na sijaona kizibo cha dukani kinacholishinda. Likilowa huvimba, likakaza.

Mume wangu alikaa mbele na fimbo ya kuvulia, mimi nyuma na makasia. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kwenye bwawa la lile shamba alikotengeneza trekta. Baada ya muda nikawa na fimbo yangu pia, na nasema bila haya kwamba nilimshinda. Macho yaliyozoea kutafuta sindano sakafuni hayapitwi na kivuli chini ya maji. Bass hakai mahali peupe. Hukaa chini ya majani ya yungiyungi, kando ya matete, au ubavuni mwa gogo lililozama, anangoja chakula kijipeleke. Tupa chambo mbele yake kidogo, kivute polepole, kisha usimame. Wavuvi wengi hawawezi kusimama, wanavuta tu kama wanakimbizwa. Hapo unaposimama ndipo anapopiga. Akiruka, inamisha fimbo, uzi usilegee. Ukitaka kumrudisha, lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humchubua ute wa ngozi, naye akichubuka huugua.

Lakini hayo yote ni maneno. Siwezi kukufundisha kile kinachokupata alfajiri, ukungu umelala juu ya bwawa, baridi ya Uasin Gishu inakuuma masikio, na maji hayana hata mkunjo mmoja. Unaogopa kukohoa. Mara ya kwanza nilijikuta nimevua kitambaa cha kichwa bila kujua kwa nini, kisha nikakumbuka kwamba sisi wanawake kanisani hatuvui, nikakivaa tena. Mume wangu alinitazama, hakucheka. Tulikaa pale tukiwa na furaha kubwa, wala hatukuwa tumeshika hata dagaa.

Aliugua muda mfupi, akafariki. Tukamzika kwao Magharibi.

Kwetu, baada ya wafiwa kunyolewa nywele, wazee huketi na kugawa vitu vya marehemu. Koti likaenda kwa huyu, baiskeli kwa yule, spana kwa mpwa wake. Sikuudhika. Nguo ya marehemu isipovaliwa na ndugu italiwa na panya, na ni vizuri kumwona mtu anapita na koti unalolijua. Kisha mtu mmoja akauliza, "Na ile mashua?" Wazee wakatazamana, maana katika ukoo wote hapakuwa na aliyewahi kugawa mashua. Wakashauriana, wakaamua kwamba chombo cha mwanamume hurudi kwa wanaume. Itamwendea mdogo wake, anayenunua na kuuza mahindi Moi's Bridge.

Nina hasira za karibu, na hilo linajulikana hadi Cheptiret. Ila mwanamke aliyenyolewa jana habishani na wazee kando ya kaburi. Nilikuwa nimempoteza mume. Sasa nilikuwa nampoteza na maji pia, na yale maji ndiyo mahali pekee nilipojua kwamba ningeweza kuishi bila yeye.

Shemeji alikuja asubuhi na mapema na pikapu na kamba. Ni mtu mkubwa, mcheshi, hana choyo, na ukimkasirikia unajisikia vibaya. Mashua ilikuwa imelala chali tangu matanga, kwa sababu waombolezaji waliweka kuni ndani, na mvua ilikuwa imeijaza. Akachomoa kizibo ili maji yatoke.

"Utaifanyia nini, Shemeji?" nikamuuliza.

"Hori, Shem. Ng'ombe zangu zinakunywa kwa dramu iliyotoboka. Hii haivuji."

Niliingia jikoni nikaosha kikombe kilekile mara mbili. Hori! Nilipotoka nikamwambia kwa upole ulionishangaza mwenyewe: "Bwawa liko njiani kwako. Iweke kwa maji mara moja uone vile inatembea. Mtu hapewi ng'ombe bila kuonyeshwa vile anakamuliwa."

Akacheka, akakubali.

Kufika bwawani alitaka kupanda na gambuti zake. Nikamwambia avue. Alitaka kukaa mbele, nikamwambia katikati. "Shem, kwani wewe ndio kapteni?" akauliza. Nikasema leo ni mimi, kesho ni ng'ombe. Akavua, akakaa, amekunja suruali, vidole vya miguu vikikakamaa kwa baridi.

Nilipiga makasia hadi katikati. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Yeye ambaye hanyamazi hata kwenye sala alinyamaza, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeingia nyumba ya mtu mkubwa. Kisha akatazama chini.

"Shem. Miguu yangu iko ndani ya maji."

Kizibo kilikuwa kimebaki juu ya ukuta wa veranda yangu, pale alipokiweka. Mimi sikukagua. Kwa miaka yote kukagua kizibo ilikuwa kazi ya mume wangu, na mikono yangu ilikuwa bado inamngojea aifanye. Shemeji akataka kusimama.

"Kaa!" nikafoka, sauti ikarudi kutoka ng'ambo. "Ukisimama tunazama wote wawili!"

Akakaa. Nikararua pindo la leso, nikalizungushia gunzi ninalotembea nalo mfukoni, nikapapasa chini ya maji baridi mpaka nikalipata tundu, nikalisukuma gunzi humo na kulipiga kwa kisigino cha kiganja. Likaingia. Nikampa mkebe akaanza kuteka maji na kuyamwaga nje, huku akiomba kwa lugha ya kwao, na katika maombi hayo nikasikia jina la kaka yake mara kadhaa. Baadaye kidogo maji yakaacha kupanda.

"Limeshika?" akauliza.

"Limeshika. Sasa linavimba."

"Gunzi," akasema. "Mimi nauza mahindi miaka yote hii, na gunzi natupa."

Wakati huo wote upepo ulikuwa umetusogeza kwenye kina kifupi, karibu na matete, mahali ambapo chini kuna changarawe. Jua likapenya ukungu, na nikamwona. Nikashusha kasia taratibu, nikamwonyesha Shemeji kwa kidole.

Chini yetu, mahali ambapo ungesimama maji yakufike magotini, changarawe ilikuwa imefagiliwa duara safi kama ua wa mwanamke mwenye bidii. Juu ya duara lile alisimama bass mmoja mkubwa. Alikuwa anapunga mkia polepole, mapezi yakitetemeka, hasogei mbele wala nyuma. Samaki mdogo akakaribia; bass akamrukia, akamfukuza, akarudi palepale. Akaja mwingine, akafukuzwa. Mkia wake ulikuwa umechakaa ukingoni kwa kufagia mawe. Kivuli cha mashua kilipomfunika alitutazama. Naapa alitutazama, watu wawili na chuma chetu chote, na hakukimbia.

Nimewaona wengi, na kila mara mwili husisimka. Shemeji alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Tupa ndoano, Shem," akanong'ona. "Huyu ni wa kushika na mkono."

"Huyo hashikwi. Analinda mayai. Ukimtoa, kabla hujamweka ndani ya mashua hao wadogo wameyamaliza yote."

"Ni mama yao?"

"Mama hutaga akaenda zake. Huyu ni baba. Anabaki hapo hali chakula mpaka watoto waogelee."

Aliinama ukingoni, uso karibu uguse maji, akamtazama yule samaki kwa muda mrefu sana. Nilifikiri anatafuta mzaha wa kusema, kama kawaida yake. Akafuta uso kwa mkono wenye maji, ikawa siwezi kujua ni maji gani.

"Kaka alikuwa anakuja kuona hii?"

"Tulikuwa tunakuja."

"Hakuniambia."

"Alikuambia, Shemeji. Ulisema una lori ya mahindi inangoja."

Akatikisa kichwa polepole. Tukakaa pale. Yule bass akafukuza, akarudi, akapunga mkia, na sisi tukamtazama bila kuchoka, mtu mzima na mtu mzima, kwenye bwawa la watu, miguu ikiwa imekufa ganzi. Nilijihisi mdogo, na sikujihisi mpweke.

Tuliporudi ukingoni aliivuta mashua peke yake mpaka kwenye nyasi. Nikabaki ndani nikitoa maji yaliyosalia kwa mkebe. Yeye akasimama kando ya pikapu, akatazama kamba alizokuja nazo, halafu akatoa simu na kumpigia mkubwa wa ukoo. Simu yake haijui siri, nilisikia kila neno la pande zote mbili.

"Mzee, hii mashua haikuji huko," akasema.

"Kwa nini? Imeharibika?"

"Iko sawa. Ni vile iko na mwenyewe."

Mzee akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo zito: "Kijana wangu, mwenyewe si tulimzika?"

Shemeji akageuka akanitazama.

"Hapana, Mzee," akasema. "Mwenyewe ako hapa. Anamwaga maji."

Nikainama zaidi juu ya mkebe wangu, nikaendelea kumwaga, hata pale ambapo maji yalikuwa yamekwisha.