Mchicha na Jani la Isale

Hadi leo nikinusa mchicha mbichi nalikumbuka soko letu la bei nafuu pale Moshi, kwenye uwanja wa kanisa, miaka ile kahawa iliposhuka bei na akina mama wakajitolea kuuza mboga. Mimi niliyetoka Tanga ndiye niliyekuwa nawafundisha kazi.

Siku moja kamba ziliisha. Nikakata majani marefu ya isale kwenye uzio, nikafungia mchicha.

"Mwalimu, huku kwetu jani hilo hupelekewa mtu unayemwomba msamaha," Mama Anjela akaninong'oneza.

"Hapa sokoni linafunga mboga," nikajibu, jeuri tupu. "Haya, tazameni mteja anavyohudumiwa!" Nikainamisha kichwa, nikatoa fungu kwa mikono miwili bila hata kuangalia nampa nani.

Kuinua macho, ni Mama Aloisia, jirani yangu. Tulikuwa tumenuniana tangu mbuzi wake amalize maharage yangu yote shambani. Alilikumbatia lile fungu, machozi yakimlengalenga.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. Soko zima likapiga vigelegele.

Nami, niliyeliwa maharage, nikajibu, "Asante, mama. Shikamoo."