Taulo la Maabara

Kazini waliniita Bwana Barafu, nami nilivimba kichwa. Miaka tisa nimechota maji ya bahari na kuokota chaza kwenye mashamba ya kuwafugia, nikavifikisha maabara vikiwa baridi ya kuuma vidole. Sampuli za wenzangu zilifika vuguvugu. Zangu, thubutu. Nikawa nawacheka.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kuna bakteria wa baharini wanaopenda joto, hatari kwa mla chaza wabichi. Chupa ikigusana na barafu wanalegea, maabara haiwaoni, lakini baharini wapo tele. Ndiyo maana siku ya mafunzo kila mmoja wetu alipewa taulo nene, jeupe, la kutandika kati ya barafu na chupa. Mkufunzi alirudia mara mbili. Nikasema moyoni, huyu naye kwa mbwembwe. Taulo zuri vile nikalilaze kwenye barafu? Nikampelekea dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Ana kisukari, na daktari alishamwonya kuhusu chaza wabichi. Mwezi uliopita, joto limepamba moto, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, maji umepima? Hamu ya chaza itaniua."

"Safi kabisa. Kula tu," nikamjibu, karatasi ya majibu mkononi.

Akala. Kesho yake mguu wake ulivimba, ukatoka malengelenge meusi. Siku ya nne waliukata chini ya goti.

Mkuu wa maabara akaagiza mwenzangu achote maji mengine, yapimwe upya. Safari hii bakteria walionekana, wengi ajabu. Akaniuliza taulo langu liko wapi. Nikasema lilichakaa. Uongo mtupu, na aibu ikanishika hapohapo.

Nikaenda hospitali kumwambia dada ukweli. Nikamkuta shemeji ananung'unika kwamba nilimdanganya mkewe.

"Mwache mdogo wangu," dada akamkatiza. "Alipima. Yeye angejuaje?"

Shemeji alipotoka, dada akaomba nimwekee vizuri mguu uliokatwa. Nikauinua. Chini yake palikuwa na taulo lililokunjwa, nene, jeupe, lenye muhuri wa maabara pembeni.

"Lako hilo," akasema. "Ya hapa yanakwaruza."

Nikaulaza mguu polepole, nikakaa kitandani, nikamweleza taulo lile lilikuwa la kazi gani, na kwamba niliambiwa mara mbili.

Akaniomba nilitoe pale chini ya mguu.