Matundu Mawili ya COM

Kompyuta yangu ya kuchapia kazi za watu niliinunua mkononi miaka ya tisini, imeshachoka. Nyuma ilikuwa na matundu mawili ya sura moja, yenyewe ikiyaita COM1 na COM2. Kipanya nilikichomeka COM1, printa COM2, na mashine nikaieleza hivyo. Ukikosea tundu, printa inanuna tu, haikuambii kitu.

Jirani yangu wa baraza pale Nachingwea, fundi cherehani, alikuwa Mngoni. Mimi Mmwera. Makabila yetu ni watani, basi mtani anaweza kukufanyia upuuzi wowote, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu. Nilimchukia kabla hajanigusa.

Siku moja mwalimu mkuu wa kule Nandagala akaja na mtihani wa kuchapa. Gari lake lilikuwa linarudi saa sita. Kazi ikitoka, mitihani yote ya shule ile ni yangu. Isipotoka, nifunge banda nikapalilie mikorosho. Nikachapa, nikahifadhi, nikaenda msalani. Kurudi, kipanya kimeganda. Nikazima, nikawasha, kikaamka. Printa ndiyo ikagoma. Nikabadilisha mipangilio ya ukurasa, nikabadilisha karatasi, wapi! Waya zote zimekaza, kipanya kinatembea, nishuku nini? Gari likapiga honi. Mwalimu akakusanya karatasi zake, akaondoka bila hata kuniaga.

Hapo ndipo jirani akaangua kicheko.

"Mtumwa wangu, wale mapacha wako nimewabadilishia vitanda!"

Kumbe nilipotoka alihamisha waya: wa printa COM1, wa kipanya COM2. Mashine ilipowashwa upya ilikitambua kipanya kilipo, lakini printa bado iliitafuta kwenye tundu la zamani. Shetani mkubwa! Baraza zima likacheka. Na mimi nikacheka. Kile kicheko changu mpaka leo sijakisamehe. Shule ile haikurudi tena.

Nikangoja. Siku ya kuamkia Idi banda lake lilijaa wazazi, wanasubiri nguo za watoto. Nikaingia, nikavua mkanda unaozungusha cherehani yake, nikajifunga kiunoni.

"Mtani, huu nakwenda nao Ruangwa kula sikukuu kwa dada."

Alinifuata mpaka mlangoni, ngumi amekunja. Wazazi wote wakawa wanamtazama. Akacheka. Angefanyaje?