Usimwage Kazi ya Asiyekuwepo

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nililia mbele ya watu mpaka kamasi. Nilikuwa bado msichana, na mtihani wa chuo cha Mbarara tuliufanyia huku huku Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, katika chumba cha kompyuta. Kompyuta zetu zilikuwa za kutazamia tu. Kazi yenyewe ilikaa ndani ya seva, ile kompyuta kubwa iliyokuwa Kakiika, kule Mbarara, nayo ilipokea watu wachache kwa mara moja. Siku hiyo ikanikatalia: nafasi zimejaa. Na chumbani tulikuwa wawili tu! Nikikosa mtihani, chuo ndiyo basi.

Shida ilikuwa sisi wenyewe. Unajua bombani tunavyoacha jerikeni kwenye foleni, tukaenda shamba, ili itushikie fasi. Basi na kwenye kompyuta tukafanya vile vile. Mtu anafunga dirisha na kwenda zake bila kutoka kabisa, akidhani amejiwekea fasi ya kesho. Kumbe seva bado imembeba.

Nikamwendea Papa Mulonda, Mkongomani mwenzetu wa Fizi aliyeitunza seva ile kwa mbali, kutoka hapo hapo Nakivale, nikamsihi awatoe wote kwa mpigo. Si wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo? Nilijiona nina hekima kweli, mie.

Hakunikaripia, Mungu amlaze pema. Alinivutia kiti, akasema taratibu:

"Mwanangu, jerikeni tupu unaisogeza. Lakini yenye mayi ya mutu, utaimwanga sababu weye uko na kiu?"

Akaanza kuwapigia simu wenyewe. Wengi walicheka, wakasema funga tu, hatukuacha kitu. Mmoja hakupokea: Espérance, mama yako. Alikuwa amepelekwa zahanati kumzaa mdogo wako, na wewe umeachwa kwa jirani. Papa Mulonda akaingia kwenye kazi yake, akaikuta imejaa kurasa, hata moja haijahifadhiwa. Akaihifadhi yote, ndipo akamtoa, nami nikaingia kwa kuchelewa. Nilifaulu. Mama yako naye alirudi na kichanga mgongoni, akamalizia kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyompa ajira iliyokusomesha.

Haraka haraka haina baraka, wewe ni ushahidi wake unaotembea.

Sasa seva imekuwa yako kuitunza, na najivunia wewe kupita kiasi, hilo nalisema wazi. Wafundishe watu kutoka kabisa, siyo kufunga dirisha tu. Aliyeacha kazi wazi muda mrefu bila kuigusa, mwandikie onyo kwenye kioo cha kompyuta yake, mpe nafasi ya kujibu. Asipojibu, mtafute. Ukimkosa, hifadhi alichoacha, kisha mtoe bila kinyongo, maana mlangoni kuna mwingine anayelia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuhifadhi na mzito wa kufukuza. Na siku usipokuwepo wewe, mwanangu, akupatie mtu wa kukutunzia chako.