Tulivyovitoa vitabu vya sauti stoo na kuvipanga rafuni, maktaba ya Ujiji

Wakuu, mwakeye! Kiha hicho, msiogope. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijahadithiwa.

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ndogo hapa Ujiji. Tuliletewa msaada wa vimashine vya kusikiliza vitabu. Kimoja kinaenea kiganjani, kina betri na earphone, na ndani kuna kitabu kimoja tu. Unabonyeza, unasomewa.

Bosi akavitupia jicho. "Hivyo ni vifaa vya umeme. Bandika namba ya mali, weka stoo na projekta."

Kwenye system yetu ukiandika "kifaa", hakiazimwi. Mkaguzi akija anataka akikute pale pale.

Na mimi nilishamwahidi Bi Mwajuma! Mama huyu alifundisha watoto wa Ujiji kusoma, sasa haoni kabisa na miguu inamsumbua. Anataka kitabu cha kusikiliza nyumbani kwake.

Nikambembeleza bosi. Akanijibu, "Kitabu gani hakina kurasa?" Tukabishana mpaka tukanuniana, chai kila mtu na yake.

Mwisho nikamkabidhi kimoja. "Mkuu, kama ni kifaa, kitumie."

Akavaa earphone, akabonyeza kila kitufe.

"Redio iko wapi?" (Jamaa mpira haumpiti.)

"Hakina."

"Nyimbo?"

"Hazimo."

"Memori kadi naweka wapi?"

"Hakuna tundu lake. Kitabu ni hicho hicho mpaka kife."

Akainamia meza. Nikadhani kanuna, kumbe anasikiliza! Sura ya kwanza ikaisha, nikataka kusema neno, akanipungia mkono nimwache.

Alipovua: "Andika kitabu."

Weee! Nilikimbilia kompyuta kabla hajageuka. Jina la kitabu, mwandishi, anayesoma, muda wake, kinatumia betri. Aina: kitabu cha sauti. Nikavipanga katikati ya vitabu vya karatasi, riwaya kwa riwaya, dini kwa dini. Raha niliyosikia siachi kuisema!

Jioni nikaenda kwa Bi Mwajuma. "Shikamoo mwalimu, kitabu chako hiki." Akakishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Na mimi nikalia, nifiche nini?

Nilichojifunza: bosi mbishi usimhubirie, mpe ashike mwenyewe.

Wakutubi wa mikoani, vya kwenu viko rafuni au stoo? Semeni hapa chini.

Mimi natoka kidogo. Bi Mwajuma kapiga simu sasa hivi, kwa ukali wa darasani: "Kimeisha. Lete kingine, na huyo anayesoma mwambie apumzike kwenye nukta!"