Futa Kinachokuharakisha

Mwita Marwa hapendi kuitwa fundi. Fundi, anasema, huitwa kitu kikishaharibika. Yeye kwa karibu miaka miwili aliitwa kabla. Kwenye sherehe za Watanzania na Wakenya wa kusini-magharibi mwa Houston, chakula kikishapakuliwa, mtu alimwekea simu kando ya sahani na kumwambia, "Mwita, hebu niangalizie hii." Aliangalia, kisha akarudia sentensi yake moja, ambayo watoto wa Stafford, kitongoji anakoishi, walikuwa wakiiigiza mpaka mama zao wakacheka: kinachokuharakisha, kifute.

Sentensi hiyo hakuiokota njiani.

Mwaka 2017 alikuwa msimamizi wa mitandao katika kampuni yenye zahanati sita za meno, na familia ilikuwa imepanga nyumba Katy, mji ulio magharibi mwa Houston. Mwezi Septemba, mazulia yaliyoloa kwenye kimbunga yakiwa bado yamerundikwa nje ya nyumba za watu, aliidhinisha sasisho la programu ndogo ya kusafisha kompyuta. Lilikuwa sasisho halali. Lilitoka kwa watengenezaji wenyewe, likiwa na saini yao ya kidijitali, ule mfululizo wa tarakimu unaothibitisha mtumaji, kwa njia ileile ya siku zote. Ndani yake mtu alikuwa amepandikiza kitu kingine, na watengenezaji hawakujua. Zahanati zilifungwa siku nne. Wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba walirudishwa nyumbani. Siku ya tano meneja aliandika neno "uzembe" kwenye barua, akamkabidhi Mwita pamoja na boksi la kuwekea vitu vyake.

"Sikubofya kitu kibaya," anasema. "Nilibofya kitu kizuri. Hilo ndilo hawakutaka kulisikia."

Walihama Katy wakaenda kwenye fleti ya mtaa wa Gulfton, na mwaka uliofuata wakapata nyumba ndogo Stafford. Mkewe, Nyaboke, muuguzi kutoka Kisii na mama wa mtoto wao Mogaka, aliongeza zamu. Kazi aliyoipata Mwita baadaye, ya kuhudumia kompyuta za kliniki moja, ilikuwa Katy. Kila asubuhi aliendesha gari saa nzima kurudi kwenye mtaa aliouhama.

Katika miezi ile ya kukaa bila kazi ndipo alipoanza kutafuta programu ya kutunza nywila. Programu ya aina hiyo ni sanduku: ndani unaweka funguo zako zote, za benki, za barua pepe, za serikali, na wewe unakariri ufunguo mmoja tu, wa sanduku lenyewe. Swali lake lilikuwa rahisi na lilimchukua miezi saba. Ikiwa sasisho halali laweza kubeba mwizi, ni sanduku gani la kuamini, wakati nalo husasishwa?

Alinunua daftari la miraba. Aliandika programu sita. Ya kwanza aliikata kwa sababu ilijisasisha yenyewe bila kuuliza. Ya pili ilikuwa imeuzwa, na tangazo la mauzo halikumtaja mnunuzi. Ya tatu iliwahi kuingiliwa ikakaa siku nane bila kusema. Ya nne nayo iliingiliwa, lakini ilisema siku ileile, na kwa hilo aliiongezea alama. Mwishowe alichagua ile iliyoandikwa na watu wachache ambao msimbo wao, yaani maandishi ya programu yenyewe, kila mtu aliruhusiwa kuusoma, iliyoweka sanduku kwenye kompyuta ya mwenyewe na haikujisasisha kamwe mpaka iambiwe. Hata hiyo, sasisho jipya likitoka, alisubiri siku kumi na nne aone kama kuna mtu analalamika, ndipo akalinganisha saini, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa kidole.

"Baba Mogaka," Nyaboke alimuuliza akiwa amesimama mlangoni na sare zake za kazi, "hata mimi ulinichunguza hivi?"

"Wewe nilikuchunguza miezi minne tu."

"Ndiyo maana sijawahi ku-update."

Mtu wa kwanza aliyewekewa sanduku hilo, kabla ya Nyaboke, alikuwa Joyceline.

Joyceline ni binti wa kwanza wa Mwita. Mama yake alifariki, naye akabaki Tarime kwa shangazi alipokuwa na miaka sita, baba alipoondoka kwenda kusoma. Mwita alipopata ukaazi wa kudumu alimwombea viza, mwaka 2016. Watoto wana foleni yao, na foleni hiyo huisha mtoto akitimiza miaka ishirini na moja. Joyceline angetimiza Oktoba 2019. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi Musoma akaiacha, kwa kuwa baba alisema asianze kitu atakachokikatiza.

Kwenye fomu, mahali pa barua pepe, Mwita aliandika ya binti peke yake. Sababu yake ilikuwa ya kitaalamu. Kesi ni ya binti, na mtu mzima hutunza funguo zake. Likizo ya mwaka 2018 alikwenda Tarime, akakaa naye siku mbili mbele ya kompyuta ndogo aliyompelekea. Alimwekea sanduku, akageuka ukutani wakati binti anaandika nywila kuu.

"Usimwambie mtu."

"Hata wewe, Baba?"

"Hata mimi."

Onyancha, jirani yao wa Stafford, Mkisii kama Nyaboke na mfanyakazi wa maabara, alifanya kinyume kabisa. Mpwa wake wa Nyamira, aliyeombewa viza na mama yake aliyeko Marekani, alikuwa kwenye foleni kama hiyo, na barua pepe ya mpwa ilikuwa kwenye simu ya Onyancha, nywila yake ikiwa jina la mpwa na moja, mbili, tatu. Aliifungua kila asubuhi akinywa chai. Mwita alimsema mbele ya watu, kwenye mahafali ya mtoto wa Mkenya mmoja.

"Hiyo si nywila. Hiyo ni kitambulisho."

"Shemeji," Onyancha alijibu, "wewe unaogopa kompyuta kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka anavyoogopa kamba. Mimi nasoma tu barua za kijana wangu."

"Zikisomwa na mwingine je?"

"Basi angalau zitakuwa zimesomwa."

Watu walicheka. Mwita naye alitabasamu kidogo.

Novemba 2018 Joyceline alipiga simu, Jumapili kama kawaida. Katikati ya habari za shangazi na za mvua alisema kuna ujumbe umeingia.

"Unasemaje?"

"Unasema nibofye hapo, niingie, nisasishe taarifa zangu. Umenipa na muda."

"Umekuharakisha?"

"Ndiyo."

"Una jina lako?"

"Lipo, ila wameandika kwa herufi kubwa zote."

"Wezi siku hizi wana majina yetu yote. Unafanya nini?"

"Nimeshafuta, Baba."

"Safi sana, mwanangu."

Alifurahi kiasi kwamba alisimulia. Wiki iliyofuata, kwenye chakula cha kuwakaribisha wageni nyumbani kwa rafiki, alimtolea mfano binti wa Tarime ambaye alikuwa makini kuliko wauguzi wa Houston. Januari ujumbe ulikuja tena, na Aprili. Joyceline aliufuta kila mara, akamwaga na kapu la takataka, kwa maana hilo nalo alikuwa amefundishwa. Baada ya ule wa pili hakuona haja hata ya kumwambia baba.

Mwita hakukaa kimya muda huo wote. Mara mbili alipiga simu kwenye kituo cha viza, mara mbili akasikiliza muziki, mara mbili mashine ikamwambia kwamba maelekezo hutumwa kwa barua pepe. Alimwuliza binti kama kuna barua kutoka ubalozini. Joyceline akasema hakuna. Hakudanganya. Neno ubalozi halikuwemo kwenye ujumbe wowote.

Oktoba 2019 Joyceline alitimiza miaka ishirini na moja. Mwezi huohuo mpwa wa Onyancha alishuka uwanja wa ndege wa Houston akiwa na begi moja. Mwita alikwenda kumpokea pamoja na wengine. Alibeba begi.

Januari 2020, kwenye maegesho ya kliniki Katy, alimpata binadamu kwenye simu ya kituo cha viza. Mwanamke huyo alisoma taratibu, bila ubaya. Ujumbe wa kwanza, Novemba 2018. Wa pili. Wa tatu. Mwaka mzima bila jibu, kesi ikafungwa, na taarifa ya kufungwa ikatumwa kwenye anwani ileile. Mzazi anaweza kuomba upya, alisema, kwenye foleni ya watoto wakubwa. Mwita aliuliza foleni hiyo ni ya muda gani. Mwanamke alimtajia miaka.

Anasema alibaki ndani ya gari, akaandika tarehe zote nne nyuma ya risiti ya mafuta, kisha akampigia binti. Tarime ilikuwa jioni.

"Zile barua za wezi," alisema. "Hazikuwa za wezi."

Mwita alisikia shangazi akimwuliza kulikoni, na binti akimjibu kwamba ni Baba tu.

"Nilifuta kama ulivyosema," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nilikuuliza, Baba. Ile ya kwanza nilikuuliza."

"Najua."

Hakulia. Aliuliza kama Musoma wangempokea bado, akajijibu mwenyewe kwamba nafasi ilishachukuliwa. Kisha akauliza jambo la kawaida kabisa. "Sasa zikija nyingine nitazijuaje?"

Mwita anasema alifungua mdomo kumwambia aangalie anwani ya mtumaji. Akakumbuka saini ya mwaka 2017, ambayo ilikuwa sahihi tarakimu kwa tarakimu. Alisema atampigia tena, akakata simu.

Baada ya dakika chache simu yake ilitikisika. Joyceline alikuwa amemtumia nywila ya barua pepe na ile kuu ya sanduku, zote mbili, wazi, kwenye WhatsApp. Chini yake aliandika: "Soma mwenyewe."

Siku hizi Mwita hatoi tena somo kwenye sherehe, na sherehe zenyewe tangu Machi, kwa sababu ya korona, hazipo. Ombi jipya limepelekwa. Onyancha hajamtania hata mara moja kuhusu jambo hili, na Nyaboke anaamini hilo ndilo linalomuuma zaidi. "Angemcheka ingeisha," anasema. "Lakini anamwonea huruma. Na Mwita anaona."

Kila siku wakati wa chakula cha mchana Mwita hukaa kwenye gari na kufungua barua pepe ya binti yake. Hafuti kitu. Kuna matangazo ya viatu, ya mikopo, ya kozi za Kiingereza, yamepita elfu moja. Mwezi Mei uliingia ujumbe uliomtaja Joyceline kwa herufi kubwa, ukamtaka abofye na kusasisha taarifa zake ndani ya siku kumi. Mwita aliutazama mpaka mapumziko yakaisha. Alikagua anwani, saini, nambari ya kesi. Jioni aliporudi Stafford aliufungua tena mezani, mbele ya Nyaboke.

"Ni wao ama ni wezi?" Nyaboke aliuliza.

"Sijui," alisema.